Njia ya ng'ombe niliyoiandika vibaya

Leo nimeaibika mbele ya mkutano wa kijiji, lakini nimerudi nyumbani na furaha 😅

Nyie mnanijua, hata salamu natoa kwa sauti ya chini.

Hapa Kakese tunachora ramani ya kijiji kwa simu. Njia inayoshuka mtoni niliiandika "ya miguu", maana nilipopita saa nne asubuhi nilikutana na kina mama wenye ndoo tu.

Leo nikaisoma mbele ya watu. Mama mmoja mfugaji akasimama.

"Binti, ng'ombe wangu waende mtoni kwa kupaa?"

Mkutano mzima ukacheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe siku ile ng'ombe walishapita mapema! Ramani ingebaki vile, mtu angelima hadi njiani, na ugomvi ungeanza.

Niliogopa wakulima watakataa. Lakini mama mwenye shamba la mpunga pembeni akasema, "Andika ya ng'ombe, mwanangu. Wakiwa na njia yao, mpunga wangu unapona."

Nikabadilisha palepale.

Mfugaji akaja kuchungulia simu. "Zipo nyingine mbili hujaziona. Nitakupeleka mwenyewe."

Kwenu je, njia za ng'ombe zimo kwenye ramani?