Makaa ya Mawe, Mafuta ya Taa na Ukuta wa Jirani

Kipupwe chetu cha kwanza ughaibuni, mtaani Small Heath, mimi na mume wangu tulibishana juu ya moto. Mimi nilikuwa muuguzi, yeye kondakta wa basi, na huko kwetu Kenya hatukuwahi kufikiria kwamba joto la nyumba hununuliwa. Mimi nilitaka makaa ya mawe. Yeye alitaka hita ya mafuta ya taa.

"Makaa yanakula pesa, halafu joto lote linapandia dohani," alisema. "Mafuta nitayabeba mwenyewe kutoka dukani."

Tukakubaliana tujaribu mafuta kwanza. Madirisha yalitoka jasho, na nguo zetu zilinuka hata wagonjwa wodini wakawa wananusanusa nikiwainamia. Lakini sebule ilipata joto, tena kwa mafuta kidogo ajabu. Mume wangu akatamba. Kila mgeni aliyevua koti alisomewa hesabu: makaa yangetugharimu mara mbili.

Kisha jirani yetu, mama wa Kihindi aliyekulia Kisumu, akasafiri kwenda Leicester kwenye harusi ya mpwa wake. Kesho yake sebule yetu ikawa barafu. Mume wangu akapandisha utambi, akajaza tangi, akaziba nyufa kwa magazeti. Wapi! Tulikula chakula tumevaa makoti.

"Hita imeharibika," alisema, akaibeba mpaka dukani. Mwenye duka akaiwasha, akamwambia ni nzima kabisa.

Jirani aliporudi nilikwenda kumwamkia. Nikamkuta ameinama mekoni, anachochea makaa ya mawe. Meko yenyewe ilikuwa kwenye ukuta uleule uliotenganisha sebule zetu.

"Shikamoo, Mama. Moto huu unauwasha kila siku?"

"Marahaba, binti yangu. Asubuhi mpaka nalala. Miguu yangu haitaki kabisa baridi ya hapa."

Nilirudi mbio nikabandika kiganja ukutani kwetu. Ukuta ulikuwa umeanza kupata uvuguvugu. Nikamwita mume wangu. Akagusa kwa kiganja, akagusa kwa shavu, akanitazama.

"Kumbe ni yeye!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni. Tukaenda kumweleza, naye akacheka akijishika mbavu.

"Kumbe nina wapangaji wawili na sijui!"

Mume wangu akataka kumlipia sehemu ya makaa yake. Mama akakataa katakata. "Nunua gunia lako, washa upande wako. Na mimi nipashwe joto kidogo."

Jumamosi ile makaa yaliletwa. Mume wangu, aliyeyakataa kwa hesabu nyingi, alipiga magoti mekoni, akapuliza, akakohoa, uso ukamjaa masizi. Moto uliposhika nilipiga makofi. Yeye akausogelea ukuta na kupaza sauti:

"Mama! Joto limefika huko?"

"Bado!" sauti ikajibu, imejaa kicheko. "Ongeza, baba, ongeza!"