Ubeti wa Mvua

Fineasi wa Leimatu'a, kijiji cha visiwa vya Tonga, alikuwa na sauti ya kuwafanya wanaume wasahau kinywaji chao cha kava vikombeni. Maneno, hata hivyo, hakujaliwa. Alipomtaka Lesieli, alimwendea rafiki yake Kalafi, kijana mwenye haya asiyeweza hata kuwasalimu wasichana, akamwomba amtungie wimbo. Kalafi akamwimbia mmoja aliokuwa nao tayari: binti kajibanza ukutani mwa kanisa, mvua inanyesha, anatunga shada la maua ya heilala.

Fineasi akaenda nao kwa Lesieli, naye akakubali. Kalafi akahamia Sydney kwenye kazi za ujenzi. Wimbo ukaenea Tonga nzima. Harusi bila huo haikuhesabiwa harusi.

Miaka ikapita. Asubuhi moja Fineasi alikuwa akimenya viazi vikuu, redioni wakawa wanamhoji Kalafi kuhusu wimbo ule.

"Yule binti alikuwa nani?" mtangazaji akauliza.

"Jina sitaji. Shada lilikuwa la harusi ya dada yake. Harusi yenyewe ilicheleweshwa, bwana harusi alikosea meli akashukia visiwa vya Ha'apai."

Kisu kikamponyoka Fineasi. Bwana harusi huyo wa Ha'apai alikuwa shemeji yake, mume wa dada wa Lesieli, na ukoo mzima ulikuwa bado unamcheka.

Akatoka mbio hadi uani. Lesieli alikuwa akiponda magome ya kutengenezea nguo.

"Yule wa kwenye wimbo ni wewe!"

"Ndiyo."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponiimbia mara ya kwanza. Nani mwingine alinyeshewa pale siku ile?"

"Ukanyamaza! Nimewaimbia watu mapenzi ya mwanamume mwingine kwa mke wangu, nao wananipigia makofi!"

"Baba Siosi, punguza sauti, majirani wanasikia."

"Ulimpenda?"

Lesieli akapiga rungu mara mbili tatu ndipo akajibu. "Wimbo niliupenda. Kalafi hakuniambia neno. Wewe uliniambia."

"Kwa maneno yake!"

"Basi nenda kamgombeze," akasema, akaendelea kuponda.

Kalafi alikuja Krismasi, ameota mvi, na bado hatazami watu usoni. Kwenye kikao cha kava akamwomba Fineasi wimbo ule. Wenzao wakashangilia. Fineasi akapiga nyimbo nyingine tatu.

"Unaninyima wimbo wangu, ndugu yangu?" Kalafi akauliza taratibu.

"Ulinipa mwenyewe. Mke hukunipa."

Waliokaa karibu wakainamisha vichwa. Kalafi akanywa kikombe chake, akaaga, na kabla ya mwaka mpya akarudi Sydney.

Fineasi angali anauimba, maana watu hawamwachi. Ila ubeti wa mvua anauruka. Wasikilizaji huujaza wenyewe kwa nguvu, na Lesieli, akiwa pale, hujaza pamoja nao. Hapo Fineasi hukung'uta gitaa mpaka nyuzi zikaribie kukatika.