Mchanga wetu umeanikwa kama pamba

Jamani, leo baba mdogo wa mume wangu ameanika mchanga wetu juani!

Kipenzi changu aliuagiza Dar kwa ajili ya tangi letu la samaki wa baharini na matumbawe. Huja umelowa, kwa sababu ndani yake kuna wadudu wadogo wanaosafisha maji. Tulipanga kuutia tangini leo sisi wawili, kikombe kwa kikombe.

Mzee ni mnunuzi wa pamba za wakulima kule Dutwa. Kwake yeye, kilicholowa kimeongezwa uzito.

Tumetoka kanisani, tukakuta turubai uani, mchanga mkavu kabisa, naye ameshika kiuno.

"Mmepunjwa, wanangu! Wamewatilia maji!"

Mtaalamu huyo. Kuuliza tu kumemshinda.

Mume wangu (sauti tamu hata akiwa na huzuni) akasema, "Baba mdogo, mle mlikuwa na wadudu hai. Wamekufa wote."

"Kumbe na wadudu walikuwemo? Basi nishukuruni mara mbili!"

Akaagiza chai.

Nilifungua mdomo, mume wangu akanishika mkono. Mkono ule ndio uliomwokoa mzee.

Chai nimempa. Sukari sikutia.

Nimekosea?