Namba Iliyoficha Kigawanyo Chake

Mwaka ule nilikuwa naandika tasnifu yangu ya hesabu, na mama akaja kutoka Kongwa kukaa nami mjini, mtaa wa Kikuyu, ili apimwe hospitali. Alikuwa anakonda bila sababu inayojulikana. Mimi nilikonda kwa sababu ya namba moja yenye tarakimu zaidi ya mia mbili, ambayo ilijaza kioo cha kompyuta na kunitia kizunguzungu.

"Ina nini hiyo?" mama aliniuliza, akichambua majani ya mlenda juu ya karatasi zangu.

Nikamweleza kwamba nilitaka kujua kama ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kipimo kipo. Unachukua mbili, unaipa kipeo ambacho ni namba yenyewe ukitoa moja, kisha unagawa jibu kwa namba ile ile. Ikiwa ni tasa, baki lazima liwe moja. Baki la namba yangu halikuwa moja.

"Kwa hiyo inagawanyika."

"Inagawanyika, mama."

"Kwa ngapi?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

Alinitazama kama anavyomtazama mtu anayemuuzia maziwa yenye maji. "Hujakiona hicho kigawanyo. Sasa unajuaje kuwa kipo?"

Nilikasirika, maana hata mimi jambo hilo lilinichanganya. Uthibitisho niliujua mstari kwa mstari, pa kuupinga sikupaona, na bado kila asubuhi nilijaribu vigawanyo vipya na vyote vikakataa. Nilianza kuitilia shaka kompyuta, kisha akili yangu mwenyewe. Mama alikuwa akipita nyuma ya kiti changu na kucheka kidogo.

Wiki iliyofuata tukaenda kuchukua majibu yake. Daktari, kijana mpole aliyempa mama shikamoo kabla ya kukaa, alisema damu inaonyesha kuna kitu hakiko sawa, ila picha hazikionyeshi. Alitaka mama abaki mjini kwa vipimo zaidi.

Nje, kwenye benchi, mama alijifunga kitenge chake upya. "Nirudishe Kongwa. Hawajakiona, hawakijui. Karanga zangu ziko shambani."

Nilitaka kumwambia kwamba mtu anaweza kujua kitu kipo bila kukiona. Si ndivyo nilivyobishana naye wiki nzima? Lakini kipimo cha damu kinaweza kukosea, changu hakikosei, na pale kwenye benchi nilishindwa kutenganisha ninachokijua na ninachokitaka. Hesabu zote zilinitoka kichwani. Nikamwomba tu abaki, nikamwambia kwamba naogopa.

Mama alivuta miguu kumpisha mgonjwa mwingine aliyeitwa ndani.

"Nitabaki," alisema. "Ila niambie kitu kimoja, mwanangu. Wewe unaomba wakione, au wasikione?"

"Sijui, mama," nikamwambia.