Kuondoka Mlimani

Walisema sitaweza lori. "Huyo amezoea lami ya Wajerumani," wanunuzi wa miraa walinicheka pale sokoni Laare. "Milima yetu itamliza." Nilikuwa nimerudi kutoka Ujerumani na diploma ya umakanika, niliyojilipia kwa kuosha sufuria za hoteli, na leseni za nchi mbili. Nilinunua lori.

Kuna jambo dogo ambalo kila dereva hulifanya: kusimama kwenye mlima kisha kuondoka tena. Mwalimu wangu Mjerumani aliliita kuondoka mlimani, kwa upole, kama mtu anayeondoka kanisani. Madereva wa Meru huliita balansi, maana gari huning'inia kwenye klachi. Mama, kwa Kiembu chake, aliliita kuwekewa jiwe. Hakuwahi kuona lori likiondoka mlimani bila mtu wa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Asubuhi moja niliwabeba mama, mjomba na akina mama wa kanisa kutoka Kanja, tukipeleka mahari. Mvua ilikuwa imenyesha. Katikati ya mlima ng'ombe akavuka, nikasimama. Nyuma yetu palikuwa na kona, na chini ya kona mto.

Mjomba akaruka chini, akaokota jiwe. "Kijana, ngoja niweke."

"Acha mawe, mjomba. Mimi nina diploma."

"Diploma haishiki matope!"

Nikashusha handibreki. Lori likarudi, polepole kwanza. Nikakanyaga breki, magurudumu yakasimama, lakini lori likaendelea kuteleza. Huko nyuma akina mama walikuwa wakiimba. Wimbo ukakatika, na ukimya ule ulinitisha kuliko mto. Kijerumani chote kilinitoka.

"Jiwe!" nililia kwa Kiembu. "Mjomba, jiwe!"

Gurudumu likagonga jiwe la mjomba, likapanda nusu, likatulia.

Akina mama wakashuka mbio, wakapanda mlima kwa miguu. Nikamwomba mama naye ashuke.

"Nikishuka, baba, watasema hujui kuendesha," akajibu, akashika dashibodi kwa mikono miwili.

Mjomba akabaki nyuma na jiwe lake, akilisogeza kila tulipopanda hatua chache. Palipokuwa tambarare nilizima injini, lakini vidole vyangu vilikataa kuachia usukani. Mama akavibandua kimoja kimoja, kisha akashuka kuwangoja wenzake.