Moto Chini ya Matandazo

Mtaa mzima ulimwita Mama Maboksi, kwa sababu hakupita dukani bila kuomba boksi tupu. Maboksi hayo aliyatandaza nyuma ya nyumba, juu yake akaweka mboji, juu ya mboji majani makavu na nyasi zilizofyekwa uwanja wa mpira, kisha akapanda mboga humo humo. Jembe hakutaka hata kulisikia. Alianza hivyo baada ya kupasuliwa tumbo, daktari alipomkataza kulima. Tumbo lilipona zamani, lakini marufuku ya jembe ikabaki, safari hii ikiwa yake mwenyewe. Mmea ukimaliza kuzaa aliukata shina, mizizi akaiacha ioze ardhini. Wenye midomo mirefu walisema anafuga takataka. Aliwajibu kwa kuwapelekea bilinganya, nao walizila vizuri tu.

Asiyezoea kabisa alikuwa mumewe, dobi wa pasi ya mkaa, aliyelelewa na watu waliofagia shamba kama sebule. Juzi tu aliropoka mbele ya wageni kwamba bustani ile inamtia aibu. Tangu hapo wakanuniana, salamu zikawa za kutupiana.

Alasiri hiyo Mama Maboksi alikuwa jikoni akichambua mboga aliposikia harufu, kama ya tambara linaloungua. Akatoka nyuma. Hakuona moto, ila uzi mwembamba wa moshi ukitoka kwenye majani. Akainama, akaweka kiganja juu ya matandazo. Moto! Akasogea hatua moja. Moto vilevile. Alipofunua majani, boksi chini yake lilikuwa jekundu ukingoni, likiliwa polepole. 

"Baba watoto! Njoo upesi!"

Dobi akaja mbio, akaona.

"Nilimwaga majivu ya pasi hapo asubuhi," alisema. "Nilidhani yameshazimika."

Kugombana kungesubiri. Bomba lilikuwa kavu tangu jana. Ndoo pekee iliyobaki ndani waliimwaga yote. Pakalia tsss, kisha moshi ukachomoza mbele zaidi. Moto ulikuwa unatambaa chini kwa chini, na huko ulikoelekea kulikuwa na banda la mbao dobi alimopigia pasi, limejaa nguo za watu. Matandazo yalifika hadi kwenye mbao zake, na aliyeyafikisha ni Mama Maboksi mwenyewe.

"Nakwenda kuomba maji kwa jirani," alisema dobi.

"Jirani gani mwenye maji leo? Lete jembe la kuzibulia mtaro."

Akalileta. Akasimama nalo mbele ya tuta la bilinganya, lile tuta bora kuliko yote, lililokuwa katikati ya moshi na banda. Mwanamume aliyelilia jembe miaka yote sasa alishindwa kuliinua.

"Mke wangu, hapa?"

"Hapo hapo. Mpaka uone udongo mtupu. Lima, bwana, unangoja nini?"

Akalima. Mama Maboksi alipiga magoti mbele yake, akikwangua majani kwa mikono yote miwili na kuyatupa nyuma ya moshi. Jembe lilizama kwenye udongo mweusi, laini, likakata mizizi, likakata nyungunyungu vipande viwili viwili. Kila pigo lilimuuma kana kwamba lile jeraha la tumbo linafumuliwa upya.  Moshi ukawafuata, ukafika ukingoni mwa handaki, ukasimama. Wakautazama bila kupumua. Mama Maboksi akapapasa ng'ambo ya pili, upande wa banda: baridi. Akapapasa tena. Baridi.

Dobi akaketi chini kwa kishindo, jasho likimtiririka.

"Ulisema majivu yanafaa kwenye mboji," alisema. "Nilitaka tu tupatane."

Matusi aliyokuwa ameyapanga Mama Maboksi toka mwanzo yakamwishia mdomoni. Miaka yote alikuwa akimbembeleza mume huyu aitie mkono bustani ile, walau mara moja, na mara yenyewe ndiyo hii. Akaangua kilio, kilio cha hasira na cha kupendwa kwa pamoja.

"Utamwaga tena," alisema katikati ya kwikwi. "Ila uyaache yapoe kwanza, baba. Yapoe!"