Nusu ya Kidonge

Jumamosi tulimzika jirani yangu wa mtaa wa Lucky Summer, mwanamke aliyekuwa akiunda programu za kompyuta, na tangu nitoke makaburini hasira haijaniisha. Moyo ulisimama ghafla akiwa jikoni kwake, na kwa hilo simlaumu mtu. Kilichonichoma ni kumwona mkurugenzi wa kliniki moja ya mtaa wa Pipeline akisimama mbele ya watoto wa marehemu kumsifu mama yao kwa utiifu, ilhali ndiye aliyemfuta kazi.

Kompyuta ya kliniki ile ndiyo iliyokuwa ikipiga hesabu ya dawa za watoto. Programu yake iliandikwa kwa toleo la zamani la lugha ya kompyuta, toleo ambalo hata waliolitunga walikuwa wameacha kulitunza. Kwa miaka jirani yangu aliomba aihamishie kwenye toleo jipya, akajibiwa, “Inafanya kazi. Achana nayo.” Walipomruhusu hatimaye, aliziendesha zote mbili sambamba na kulinganisha majibu. Hayakulingana. Alinieleza tukiwa kwenye kibanda cha nyama choma Soko la Burma, nyama ikipoa mezani.

“Ile ya zamani ukiiambia igawanye kumi na tano kwa kumi, inakupa moja. Nusu inaitupa. Dawa ni kidonge kimoja kwa kila kilo kumi, kwa hivyo mtoto wa kilo kumi na tano alifaa apate kidonge kimoja na nusu. Sisi tumekuwa tukimpa kimoja.”

“Wakubwa wanasemaje?”

“Ati nimalize kuhamisha kisha ninyamaze, nisiwatishe wazazi. Lakini jirani, kuna mama alikuwa akirudi na mtoto hajapona, tukamgombeza kwamba hampi dawa vizuri. Wacha wanifute.”

Alimaliza kuihamisha, kisha akaanza kupanda ngazi za maghorofa ya Pipeline, mlango kwa mlango, akiwaambia wazazi warudishe watoto wapimwe. Nilimsindikiza kwa yule mama. Alitusikiliza akiwa amemkumbatia mwanawe, akauliza polepole, “Kwa hivyo si mimi niliyekosea?”

“Si wewe, mama. Ni sisi.”

Yule mama akaketi kwenye ngazi, akalia. Jirani yangu akaketi kando yake. Wiki haikuisha kabla hajapewa barua ya kufutwa, kosa lake likiwa kutoa siri za kliniki. Watoto walirudishwa, wakapewa dawa inavyopasa, na mtoto wa yule mama akapona. Aliyewaokoa akarudi kutafuta vibarua.

Mji huu unapenda kukata utepe. Mashine mpya ikiletwa, wakubwa hupigwa picha nayo. Ikizeeka, anayeomba ihudumiwe huonekana msumbufu. Tunafundishwa tangu utotoni kuziba ufa, lakini anayetuonyesha ufa tunamwita adui wa nyumba, kisha akifa tunashika maikrofoni kumlilia.

Nawe uliye na ofisi, siku mfanyakazi akija kukuambia kwamba mtambo unakosea, usimuulize ni nani mwingine anayejua. Muulize ni nani ameumia.